Sista Aliyegawa Ruhusa

Mtu akimwendea Sista kuomba ruhusa yoyote kwenye kompyuta za shule, aliulizwa swali lile lile: "Unataka kufanya nini?" Ukimjibu kwa cheo chako, kwamba wewe ni mwalimu wa taaluma au mkuu wa idara, alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. "Hujanijibu. Sikuuliza wewe ni nani. Nimeuliza unataka kufanya nini." Nilifundisha naye shule moja wilayani Ngara kwa miaka mingi, mimi jiografia, yeye kompyuta na dini, na sikumbuki swali hilo likibadilika, hata siku padri mgeni alipomwomba neno la siri la intaneti. Padri alijibu kwamba anataka kusoma barua pepe. Akapewa. Angejibu kwamba yeye ni padri, nadhani angekuwa bado anasubiri.

Masista wengine walikuwepo, wa zahanati na wa chekechea, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake. Yeye alikuwa Sista tu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na alitembea na kitambaa cha kufutia vumbi mfukoni kwa sababu vumbi letu jekundu halina heshima kwa mashine. Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya maharage zamani, na siku za joto harufu ya maharage ilirudi yenyewe. Meza zilikuwa za chuma, nzito, zile zilizobaki tangu enzi za kambi za wakimbizi za Lukole, na chini ya moja mtu alikuwa amechora jina la mchumba wake kwa msumari. Sista alikataza lisipakwe rangi. Alisema yule angalau alijua alichotaka.

Kompyuta zenyewe zilikuja kama msaada, zimeshatumika, zina mfumo endeshi wa kulipia leseni uliopitwa na wakati na virusi vya kutosha. Kila flashi iliyotoka kuchapisha kazi mjini ilirudi na ugonjwa mpya. Mwaka mmoja mtihani wangu wa kidato cha pili uligeuka alama za ajabu ajabu usiku wa kuamkia kuchapwa, na nikalazimika kuandika maswali ubaoni kwa chaki. Likizo iliyofuata Sista alifuta kila kitu akaweka mfumo huria, ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na hakuna anayekudai leseni. Tuliporudi, walimu walinung'unika. Kilichowauma zaidi ni kwamba mchezo wa karata umepotea. Kesho yake karata zilikuwepo kwenye kila mashine.

"Hizi hukumuuliza mtu anataka kufanya nini," nilimtania.

"Najua wanachotaka kufanya," alisema. "Mwalimu asiye na karata hutafuta kitu kibaya zaidi cha kufungua."

Katika mfumo ule kila mtu alipata akaunti yake, na kila akaunti ilikuwa na mipaka. Ungeweza kuandika, kusoma na kuchapa, lakini usingeweza kuingiza programu, kugusa faili za mfumo wala kufungua za mwenzako. Juu ya akaunti zote ilikuwepo moja isiyozuiwa na kitu, ambayo wenye fani wanaiita ruti. Ruti ikiambiwa ifute mashine nzima, inafuta, haiulizi kama una uhakika. Kuna njia pia ya kumruhusu mtu wa kawaida aazime nguvu hizo kwa amri moja moja: anatanguliza neno sudo, anaandika neno lake la siri, amri inatekelezwa, kisha anarudi kuwa mtu wa kawaida. Sista alilitamka "sudu", na sisi tukalitamka hivyo hivyo. Niliwahi kwenda semina Bukoba nikasema "sudu" mbele ya watu, wakacheka. Nilijisikia kama nimetukaniwa mzazi.

Yeye mwenyewe alifanya kazi zake zote kwa akaunti ya kawaida. Maandalio ya vipindi, ratiba ya misa, barua kwa mkuu wa shirika, vyote aliandika akiwa na mipaka ile ile aliyotuwekea sisi. Nilimuuliza kwa nini ajizuie na mashine ziko mikononi mwake.

"Ukiwa unasonga ugali," aliniuliza, "unakuwa umeshika panga?"

"Hapana, Sista."

"Kwa nini?"

"Panga la nini kwenye ugali?"

"Ndiyo hivyo," akasema, akaendelea kuandika.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo alifunga kila kitu. La hasha. Mlango wa chumba chake haukuwa hata na kitasa kizima. Parachichi za mti ulio nyuma ya nyumba ya masista alizimwaga kwenye beseni barazani, apitaye achukue. Pikipiki ya shirika, ambayo aliiendesha mwenyewe akiwa amevaa helmeti juu ya kilemba chake cha kitawa, ilikaa na ufunguo ndani yake. Mara moja ilipotea kuanzia asubuhi hadi jioni, tukahangaika kuuliza mpaka barabarani. Ikarudi ikiendeshwa na mkulima mmoja wa Keza ambaye alikuwa ameiazima kupeleka mahari ya mwanawe Mbuba, na nyuma alikuwa amefunga jogoo wa shukrani. Sista alimpokea jogoo, akamuuliza habari za bibi harusi, basi. Nilimwambia kwamba sielewi: pikipiki amuachie kila mtu, lakini mimi, rafiki yake, niombe kibali kuingiza programu ya ramani.

"Pikipiki ikiharibika, nitatembea kwa miguu mimi peke yangu," alisema. "Ile mashine ikiharibika, mtatembea wote."

Sasa nije kwa Mkuu wa Shule wa enzi hizo, maana huwezi kumweleza Sista bila kumweleza yeye. Alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, mtu mkubwa wa mwili na sauti, ambaye r ilimgeukia l mara kwa mara, mwadilifu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kuisahau. Hakuweza kukubali kwamba ndani ya shule anayoiongoza kuna mlango asioweza kuufungua.

"Sista," alimwambia mbele yetu katika chumba cha walimu, "mimi ndiye Mkuu hapa. Inakuwaje niombe luhusa kwenye mashine ya shule yangu?"

"Unataka kufanya nini, Mkuu?"

"Nataka kuwa na uwezo."

"Uwezo wa kufanya nini?"

"Uwezo," alisema Mkuu, akafungua mikono yote miwili kuonyesha ukubwa wake.

Wiki hiyo hiyo Sista alimtengenezea akaunti mpya. Iliitwa MKUU, kwa herufi kubwa. Ilikuwa na picha ya nembo ya shule, na kila alipoingia, mashine ilicheza muziki mfupi wa tarumbeta. Hakuna mwingine aliyekuwa na tarumbeta. Mkuu alifurahi mno, akawa anaingia na kutoka mara kwa mara ili tusikie. Akaunti hiyo haikuwa na nguvu hata chembe kuzidi ya mlinzi wa getini.

Ilichukua muda agundue. Siku hiyo alikuwa amesikia mahali kuhusu neno sudo, akalijaribu peke yake. Mfumo ule, asiyeruhusiwa akijaribu amri hiyo, unamjibu kwa ukali kwamba hayumo kwenye orodha ya wenye ruhusa na kwamba tukio hili litaripotiwa. Mkuu alitoka chumba cha kompyuta akiwa amebadilika rangi. Alinivuta pembeni ya karakana.

"Mwalimu, ikisema tukio litalipotiwa, linalipotiwa wapi?"

Nilimwambia sijui, amuulize Sista.

"Nimemuuliza. Ameniambia inategemea." Akatazama huku na huku. "Inategemea nini? Ni wilayani? Au inakwenda moja kwa moja Dodoma?"

Taarifa zile zilikwenda kwa msimamizi wa mashine, yaani kwa Sista mwenyewe, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Alimwacha Mkuu na hofu yake muhula mzima. Gari lolote la serikali likiingia getini, Mkuu alifunga vifungo vya koti na kwenda kulipokea mwenyewe, akiwa ameshajiandaa kueleza. Wa chanjo walikuja, wa misitu walikuja, wote wakapokewa kwa heshima wasiyoielewa. Nilipomwambia Sista kwamba ni vibaya kwa mtawa kumtesa mtu hivyo, alisema hajasema uongo hata neno moja. Kisha akaongeza kwamba ataungama, ila muhula ukiisha.

Aliyepewa mamlaka ya kweli alikuwa mpishi mkuu, mama wa makamo aliyekuwa hajawahi kutumia kompyuta. Betri za sola zilikuwa chumba kinachopakana na jiko, na zilipokaribia kuisha zililia kwa mlio ambao ni yeye tu aliyeusikia. Mashine zikizimika ghafla zilikuwa zinaharibika. Kwa hiyo Sista alimfungulia akaunti yenye ruhusa ya amri moja tu, ya kuzima mashine zote kwa utaratibu, na si nyingine yoyote. Mfumo ule unaruhusu hivyo: unaweza kumkabidhi mtu kitu kimoja na kumnyima vingine vyote. Mama aliichukua kazi kwa uzito kuliko upadri. Betri ikilia, alifuta mikono kwenye kanga, akaingia, akatangaza, "Walimu, nazima," na hakuna aliyemzuia. Siku moja Mkuu alikuwa katikati ya taarifa ndefu ya mwaka.

"Mama, subiri dakika moja."

"Betri haisubiri, Mkuu. Hifadhi."

"Nahifadhi wapi? Subiri kwanza."

Akazima. Tarumbeta haikulia hadi kesho yake.

Nimesimulia kama vile Sista alikuwa na haki kila mara. Hakuwa nayo. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisikia hata aliposhauriwa, nalo ni kwamba alikuwa peke yake. Msimamizi kamili alikuwa yeye tu, na alikuwa amefunga hata zile njia za nyuma ambazo fundi hupitia mashine ikikwama. Nilimwambia mara kadhaa amfundishe mtu wa pili. "Nitamtafuta," alisema, na hakumtafuta. Nadhani alipenda kuombwa. Alipenda kuketi pale mlangoni na kitambaa chake akituuliza tunataka kufanya nini.

Kisha macho yake yakaanza kusumbua, akaenda Biharamulo kwa masista wenzake ili atibiwe. Wiki hiyo kidato cha nne walikuwa wafanye mtihani wa majaribio, na maswali yote yalikuwa ndani ya mashine kuu. Tulipotaka kuchapa, printa ikakataa. Diski ilikuwa imejaa. Kulikuwa na kumbukumbu za mfumo zilizolimbikizana ambazo msimamizi angezifuta kwa amri moja, lakini msimamizi hakuwepo na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulijaribu kufungua faili ili angalau tunakili kwa mkono, zikagoma kufunguka. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye vyumba vya mitihani, kalamu mezani, wengine wametembea tangu alfajiri kutoka vijiji vya mbali. Mkuu aliwaendea mwenyewe akawaambia mtihani umeahirishwa. Hakupaza sauti. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha Sista pale mlangoni, kiti kikamshinda kwa udogo.

"Nenda Biharamulo," aliniambia. "Mrudishe, au rudi na hilo neno."

Nilipanda basi, nikapita Nyakahura katikati ya malori yanayokwenda mpakani, nikamkuta ameketi barazani amefunikwa jicho moja kwa pamba.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Nani amekufa?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Daktari hakumruhusu kusafiri. Akaniita karibu, akaninong'oneza neno la siri la ruti sikioni. Lilikuwa sentensi ndefu ya Kihangaza, lugha ya Ngara, kuhusu padri, mbuzi na mfuko wa sadaka, na siwezi kuiandika hapa. Nilicheka, yeye hakucheka.

"Walikuwa wameshakaa?" aliuliza. "Watoto."

"Walikuwa wameshakaa."

Mtihani ulifanyika mwishoni mwa wiki hiyo. Sista aliporudi, Mkuu alimwita ofisini na akaniomba niwepo. Nilitegemea radi. Mkuu alizungumza taratibu, huku akigeuza kalamu mezani.

"Sista, nimekubali unifanyie mzaha, kwa sababu mashine zilikuwa salama. Lakini juzi nimewatazama wale watoto. Ule haukuwa usalama tena. Ilikuwa ni wewe tu."

Sista aliinamisha kichwa. Aliomba msamaha pale, na kesho yake akaomba tena mbele ya walimu wote, bila kujitetea kwa macho wala kwa daktari. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akatuweka wawili, mimi na Mkuu, kwenye orodha ya wasimamizi kamili. Mkuu hakuulizwa anataka kufanya nini. Niliulizia sababu tukiwa wawili.

"Ameniambia ukweli na hakunitukana," alisema Sista. "Mtu wa hivyo mashine haitamlevya."

Haikumlevya, lakini aliikosea mashine mapema. Katika kujaribu uwezo wake mpya alibadilisha ruhusa za folda ambayo haikupaswa kuguswa, na kuanzia hapo akaunti yake ikakataa kumfungulia. Alisimama katikati ya chumba, msimamizi kamili asiyeweza kuingia. Nilidhani Sista atamnyang'anya. Alimrekebishia kimya kimya, akamwachia vyote. Alisema sasa ndipo anamwamini, maana ameshaona damu. Na kweli, tangu siku hiyo Mkuu aliishika ruti kama anavyoshika mtoto mchanga wa mtu mwingine, na kila alipotaka kuandika amri aliniita nisimame pembeni nimwangalie.

Mkuu alihamishwa. Mimi nilibaki. Sista alistaafu, akaenda kukaa Biharamulo moja kwa moja, kwa kuwa matibabu hayakusaidia kama tulivyotumaini.

Mara ya mwisho kumwona ni hivi karibuni. Nilikuwa na safari ya huko, nikabeba kompyuta mpakato ya chumba cha walimu, ambayo bado ina akaunti yake. Nilidhani itamfurahisha kuigusa. Nilimkuta anachambua maharage kwa vidole, yaliyooza upande huu, mazima upande ule, bila kuyatazama. Alinitambua kwa shikamoo yangu.

"Marahaba. Umeleta mashine. Naisikia feni yake."

Aliiweka magotini. Akaniuliza nani wasimamizi siku hizi, nikamtajia: mimi na mwalimu mpya wa hisabati, binti wa Rulenge.

"Na mimi?"

"Na wewe bado, Sista. Hatujakutoa."

"Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba kila mwanzo wa mwaka tulipitia orodha, tukalifikia jina lake, tukalipita.

"Mtu asiyefanya kazi hapo hapaswi kuwa na ruhusa hapo," alisema. "Nilikufundisha hilo. Fungua pa kuandikia amri."

Akaingia kwenye akaunti yake, nikamfungulia. Nikamwambia nitamtoa mimi, kwa nguvu zangu. Alikataa. Alitaka ajitoe mwenyewe, kwa zake. Aliandika amri akiwa ameinua uso kuelekea uani, mimi nikimsomea herufi zilizotokea, na hakukosea hata moja. Mashine ikamwomba neno la siri. Ukiandika neno la siri mahali pale, mfumo hauonyeshi kitu, si nyota, si nukta. Kioo kinabaki kitupu kama hujagusa kibodi.

"Unaona chochote?" aliniuliza huku vidole vikienda.

"Hakuna kitu, Sista."

"Basi hapa tuko sawa, mimi na wewe."

Akabonyeza kitufe cha mwisho. Nikamsomea jibu, kwamba jina lake limeondolewa kwenye kundi la wasimamizi. Aliuliza kama nimeridhika, nikasema ndiyo. Kisha akaniambia niende jikoni nikamsalimie sista mpishi, ambaye ni mtu wa kwetu na angeumia nikiondoka bila kumwona. Nilikwenda. Tulizungumza habari za nyumbani kitambo kidogo, na niliporudi Sista alikuwa ameshazima mashine na kuifunga, mikono imetulia juu yake, amepoa kama yuko kanisani. Tulikunywa chai, akanisindikiza hadi kwenye ngazi.

Nililotakiwa kukumbuka, na ambalo nililisahau siku hiyo, ni kwamba mtu akiondolewa kwenye kundi lile, nguvu zake hazikatiki mpaka atoke kwenye akaunti. Na yeye hakuwa ametoka.

Niliiwasha mashine shuleni, walimu wakiwa wamenizunguka kuulizia habari zake. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa saa ya juu ya kioo. Ilikuwa Jumatano, lakini palikuwa pameandikwa "Kuwa gatatu", yaani Jumatano kwa Kinyarwanda, na mwezi nao hivyo hivyo. Kihangaza hakimo katika lugha za mfumo ule. Nilipokuwa jikoni, Sista alikuwa amechukua lugha jirani iliyo karibu zaidi, akaiweka kwa kila mwenye akaunti. Mwalimu wa hisabati aliinama, akasoma kwa sauti, akaelewa bila kufikiri, akaanza kucheka.

Kuirudisha ni amri moja tu, na ruhusa ninayo. Mpaka leo sijajua ninataka kufanya nini.